Tangi Lina Mafuta, Injini Imezima: Magari ya UNAMIR na Swali la Nia, Kigali 1994

Utangulizi

Barabara inayopanda Rebero ina kona moja ambapo lori la mzee mmoja wa mtaani kwetu lilikuwa likizima karibu kila wiki. Ni lori la zamani la jeshi, la dizeli, lililouzwa kwa mnada baada ya kumaliza utumishi wake. Lilipakwa rangi ya buluu juu ya ile ya kijani, na sasa hubeba mchanga na mawe ya ujenzi. Likiondoka bondeni tangi likiwa limejaa, hupanda bila shida. Tangi likishuka chini ya nusu, hufika kwenye kona hiyo, hukohoa mara mbili tatu, kisha huzima. Utingo huruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, na sisi tunaotoka chuoni hushuka kwenye pikipiki na kupita kwa miguu.

Mwenye lori alibadilisha filta mara mbili. Haikusaidia. Akanunua pampu nyingine kwa fedha nyingi. Haikusaidia. Mwishowe akamwita mjomba wangu, ambaye ni fundi na alijifunza kazi Gatsata, mahali ambapo kwa miaka mingi mtu wa Kigali mwenye gari bovu alijua pa kwenda. Mjomba hakufungua injini. Alichukua dumu la lita ishirini, akalijaza dizeli, akalifunga imara nyuma ya kebini, kisha akapitisha mpira kutoka kwenye dumu hadi kwenye pampu bila kugusa tangi. Lori likapanda Rebero na mzigo wake wote.

"Injini haina kosa," alisema. "Mafuta nayo yapo. Kinachokosekana ni njia."

Wakati huo nilikuwa nikiandaa kazi ya darasani juu ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, UNAMIR, ambao wazee wetu huuita MINUAR. Kila nilichosoma kilitaja magari: magari machache, magari mabovu, magari yasiyo na vipuri, magari yaliyochelewa. Katika insha hii ninajaribu kujibu swali moja. Je, magari yale mabovu yalikuwa sababu ya UNAMIR kushindwa kuwalinda watu wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, au yalikuwa dalili ya sababu nyingine? Nitaanza na lori la Rebero, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kuuliza swali hilo.

Hewa ndani ya mafuta

Injini ya dizeli ya zamani ni mashine yenye subira kubwa. Haina plagi za kuwasha moto. Hubana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha nozeli hunyunyiza mafuta ndani na yanawaka yenyewe. Ndiyo maana majeshi mengi yaliipenda. Inavumilia vumbi, matope na fundi mwenye spana tatu tu.

Lakini kuna kitu kimoja isichokivumilia, nacho ni hewa ndani ya bomba la mafuta. Mafuta ni kimiminika, hayabaniki. Pampu ikiyasukuma, msukumo wote unafika kwenye nozeli na nozeli inafunguka. Hewa hubanika. Pampu ikisukuma hewa, hewa inajikunja kama sponji, nozeli haifunguki, na injini inazima. Kisha dereva akijaza tangi, haitoshi kuwasha tu. Ni lazima alegeze skurubu ya kutoa hewa, apige pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, ndipo awashe.

Sasa, mafuta hutoka wapi? Ndani ya tangi kuna bomba jembamba linaloshuka kutoka juu hadi karibu na sakafu. Mwisho wake mara nyingi huwekwa chujio dogo la waya. Bomba hilo halifiki sakafuni kabisa, kwa sababu chini hukaa maji na taka. Katika gari lililotumika miaka thelathini au arobaini, hapo ndipo matatizo hujificha. Chujio linaziba kwa kutu na utando. Mipira inakauka na kupasuka. Au, kama ilivyokuwa kwa lori letu, bomba lenyewe linapata ufa.

Mjomba alipolitoa bomba hilo alinionyesha ufa mwembamba kama unywele, katikati ya urefu wake. Tangi likijaa, ufa unazama ndani ya mafuta, na bomba linanyonya mafuta pande zote mbili. Tangi likishuka chini ya ufa, bomba linanyonya hewa kupitia ufa huo, kwa kuwa hewa ni nyepesi kuliko dizeli na hupita kwa urahisi zaidi. Mlimani ni vibaya zaidi, maana mafuta yote yanakimbilia nyuma ya tangi na injini inadai mengi kuliko kawaida. Kwa hiyo lori lilikuwa likizima na nusu ya tangi bado imo.

Jambo lililonigusa ni kwamba mwenye lori alitafuta kosa kila mahali palipoonekana. Alilaumu filta, akalaumu pampu, akalaumu umri wa injini. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu gari kuukuu hutoa visingizio vingi. Likizima, kila mtu anaamini.

Ujumbe uliotumwa na magari ya kuazima

UNAMIR iliundwa na Azimio namba 872 la Baraza la Usalama tarehe 5 Oktoba 1993, baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti mwaka huo. Iliidhinishiwa askari 2,548, na kamanda wake alikuwa Roméo Dallaire wa Kanada. Kwa ajili ya kazi ya Kigali yaliombwa magari ya deraya 22 pamoja na helikopta. Helikopta hazikuja. Magari ya deraya yalikuja manane, ya Kisovieti, aina ya BTR, na hayakutoka kiwandani wala kwenye ghala la nchi tajiri. Yalitoka katika ujumbe mwingine wa Umoja wa Mataifa, ule wa Msumbiji. Kati ya hayo manane, matano tu ndiyo yaliyoweza kutembea.

Msomaji afikirie hesabu hiyo kwa ukubwa wa Kigali yenyewe. Mji huu ni vilima. Kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe hadi Kimihurura, kutoka Kimihurura hadi Kicukiro, kutoka Kicukiro hadi Rebero, kila safari ni kupanda na kushuka. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa, na kufikia asubuhi ya tarehe 7 vizuizi vilikuwa vimewekwa barabarani. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa siku hiyo, na askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa katika Kambi ya Kigali. Kikosi cha dharura ambacho kingepaswa kuvunja vizuizi hivyo kilitegemea magari matano.

Hata hayo matano hayakuwa ya kutegemewa. Dallaire, katika kitabu alichokitoa mwaka 2003, ameandika kwamba baadhi ya askari waliokuwa wakiyaendesha waliyaharibu makusudi ili wasitumwe nje kwenye hatari. Niliposoma hapo nilikumbuka lori la buluu. Gari bovu kweli, na gari linalofanywa bovu, yote mawili yanasimama pale pale barabarani. Aliye nje akisubiri kuokolewa haoni tofauti. Lakini mwanahistoria analazimika kuiona.

Mafuta nayo yalikuwa haba, pamoja na maji ya kunywa, chakula, dawa na risasi. Ujumbe ulikuwa ukiishi kwa akiba ya siku chache. Hivyo tukiishia hapa tunaweza kusema: sababu ilikuwa vifaa. UNAMIR ilitaka, haikuweza.

Wiki moja ya Aprili

Jibu hilo linaharibika tukitazama kilichotokea wiki hiyo hiyo.

Tarehe 9 Aprili askari wa Ufaransa walikuwa wameshatua Kanombe. Tarehe 10 walifuatiwa na Wabelgiji. Ndege zilitua na kuruka, misafara ya magari ilipita katika vizuizi vile vile, na katika siku chache wageni waliokuwa Kigali walikusanywa na kuondolewa. Magari yalipatikana. Mafuta yalipatikana. Wanajeshi wenye mafunzo walipatikana kwa saa chache. Kazi ilipokwisha, waliondoka.

Tarehe 11 Aprili, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya UNAMIR katika shule ya ETO Kicukiro walipewa amri ya kuondoka. Zaidi ya watu elfu mbili walikuwa wamekimbilia hapo wakiamini bendera ya buluu. Magari ya askari hao hayakuwa na kasoro siku hiyo. Yaliwaka, yakapita katikati ya watu waliokuwa wakiyasihi yasiondoke, yakaenda. Watu wale walipelekwa kwa miguu hadi Nyanza ya Kicukiro, na wengi mno waliuawa huko. Kutoka nyumbani kwetu Rebero hadi Nyanza ni mwendo ambao mtoto wa shule anaweza kutembea.

Hapa ndipo jibu la vifaa linaposhindwa. Kama tatizo lilikuwa magari, basi pale ambapo magari yaliwaka watu wangeokoka. ETO inaonyesha kinyume chake. Mafuta yalikuwepo tangini, na injini ilifanya kazi vizuri. Amri ndiyo iliyogeuza usukani.

Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama, kwa Azimio namba 912, lilipunguza UNAMIR hadi watu 270. Waliobaki walikuwa zaidi ya hapo, wengi wao Waghana. Tarehe 17 Mei, kwa Azimio namba 918, Baraza hilo hilo likaidhinisha askari 5,500. Kwenye karatasi tangi lilikuwa limejazwa tena. Lakini mtu akijaza tangi bila kuziba ufa na bila kutoa hewa, gari haliwaki.

Magari hamsini

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa magari ya deraya ya Marekani. Umoja wa Mataifa uliomba magari hamsini aina ya M113, gari la minyororo lililoanza kutumika miaka ya 1960. Marekani ilikuwa nayo Ujerumani kwenye maghala, mengi kuliko ilivyoyahitaji, kwa kuwa Vita Baridi vilikuwa vimekwisha. Hakuna aliyekataa. Badala yake yalianza majadiliano: yatauzwa au yatakodishwa, kwa bei gani, nani atalipia usafiri, masharti yaandikweje. Wiki zikapita. Yalianza kusafirishwa mwezi Juni kuelekea Uganda, bila redio na bila bunduki kubwa, na yalipofika bado ilibidi yatafutiwe njia ya kuletwa Kigali kwa barabara. Tarehe 4 Julai RPF iliuteka mji wa Kigali. Mauaji yalikomeshwa na watu ambao hawakuwahi kupanda magari hayo.

Mtu anaweza kuuliza: nani wa kulaumiwa hapa? Karani aliyeandika mkataba alifanya kazi yake. Mwanasheria alifanya kazi yake. Mhasibu alilinda fedha za umma. Ukikagua kila kifaa peke yake, hakuna kilichovunjika. Lakini katika bomba lote, kutoka ghala la Ujerumani hadi barabara ya Kicukiro, kila kiungo kilivuja kidogo, na mwisho wake kilichofika kilikuwa hewa.

Yaliyosonga bila magari

Historia ya eneo letu ina ushahidi mwingine unaopima swali hili kutoka upande wa pili: nini hutokea pale ambapo nia ipo lakini magari hayapo?

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi hapa yalitembea juu ya mabega ya watu. Wabelgiji walipoingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, mizigo yao ilibebwa na wapagazi kutoka Kongo na kutoka humu humu. Waingereza nao walikuwa na kikosi cha wapagazi ambacho jina lake limebaki sokoni, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa. Sitaji hili kwa sifa. Wapagazi wengi hawakuulizwa kama wanataka. Nataja kwa sababu linaonyesha kwamba watawala walipoamua jambo lifike, lilifika, hata kwa gharama ya uhai wa watu wengine.

Mwaka 1978 Idi Amin alipovamia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, Tanzania haikuwa nchi tajiri wala haikuwa na malori ya kijeshi ya kutosha. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilichukua malori na mabasi ya raia na ya mashirika ya umma, ikapeleka askari mwambao wa ziwa, ikajenga daraja la muda, na Aprili 1979 majeshi yake yalikuwa Kampala. Magari hayo yalikuwa yamechoka, mafuta yalikuwa ghali, na uchumi uliumia kwa miaka mingi baadaye. Lakini hakuna aliyesimama barabarani kujadili masharti ya ukodishaji.

Na Kigali yenyewe, Aprili 1994. Wanajeshi 600 wa RPF walikuwa katika jengo la Bunge, CND, tangu Desemba 1993, kwa mujibu wa Mkataba wa Arusha. Wenzao waliotoka Mulindi, kaskazini, kuja kuwaongezea nguvu, walitembea kwa miguu kupitia milima na mabonde, wakafika katika siku chache. Rebero ilishikwa mwezi huo wa Aprili, na kutoka kilima hiki wapo walionusurika Nyanza waliopata hifadhi. Nilikulia mahali hapa nikidhani Rebero ni jina la mtaa na mandhari nzuri ya mji. Baadaye nilielewa kwa nini tarehe 13 Aprili kila mwaka watu hukusanyika kwenye ukumbusho wetu kuwakumbuka wanasiasa waliouawa kwa kukataa mpango wa mauaji.

Hata ndani ya UNAMIR kulikuwa na mfano. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa mwangalizi, hakuwa na silaha wala gari la deraya. Alitumia gari la kawaida, akavuka vizuizi mara nyingi, akiwasafirisha watu wachache wachache, kwa maneno, mzaha, sigara na ujasiri. Inaaminika aliokoa mamia. Aliuawa tarehe 31 Mei 1994 na kombora lililoanguka karibu na gari lake kizuizini. Waghana na wenzao waliobaki nao waliendelea kusimama na maelfu ya watu waliokimbilia Uwanja wa Amahoro, wakiwa na vifaa vichache kuliko vile vilivyosemwa havitoshi.

Pingamizi la mjomba

Nilipomsomea mjomba rasimu ya insha hii, hakukubali yote. Aliniuliza, "Kwa hiyo unasema gari bovu si kitu?" Nikamjibu kwamba nasema nia ndiyo kitu cha kwanza. Akatikisa kichwa. "Huyo Msenegali alibeba watu wangapi kwa safari moja? Wanne? Watano? Angekuwa na malori kumi mazima?"

Hoja yake ni ya haki, na nimeibakiza hapa kwa makusudi. Nia bila njia inaokoa watano watano. Ripoti ya tume huru iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, iliyotolewa Desemba 1999 kwa Umoja wa Mataifa, ilitaja mambo mawili kwa pamoja kuwa kiini cha kushindwa: uhaba wa rasilimali na ukosefu wa nia. Mwanzoni niliona kama ripoti ilikwepa kuchagua. Sasa naona kwamba mambo hayo mawili hayakuwa na uzito sawa katika mfuatano wake. Magari manane badala ya 22 hayakuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu walioketi na kuamua kwamba Rwanda itapewa masalio ya Msumbiji. Uhaba ulizaliwa na nia dhaifu, kisha uhaba huo ukatumiwa kama ushahidi kwamba hakuna linalowezekana.

Hitimisho

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba magari mabovu ya UNAMIR yaliua, lakini hayakuwa chanzo. Yalikuwa dalili. Ushahidi ni wiki moja ya Aprili, ambapo magari mazima na ndege nzima zilifika Kigali kwa kazi moja na kuikataa nyingine. Ni ETO, ambapo magari yaliyowaka yaliondoka. Na ni M113 hamsini, ambazo zilikuwepo duniani muda wote.

Kwetu sisi wanafunzi wa historia kuna somo la mbinu pia. Mara nyingi nyaraka zinaandika "gari lilikuwa bovu", "mafuta yalikwisha", "vipuri havikupatikana", nasi tunanakili na kuendelea. Maneno hayo yasiwe mwisho wa uchunguzi. Tuulize lilikuwa bovu tangu lini, nani alijua, nani alikuwa na zima, na njia kati yao ilikatikia wapi. Na tusiwaache nje ya utafiti wetu mafundi na madereva, ambao wanajua kusoma mashine kama sisi tunavyosoma nyaraka.

Bomba la lori la buluu liliunganishwa kwa shaba na kurudishwa tangini. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya filta moja. Sasa linapanda Rebero hata na robo tangi, na pale kwenye kona utingo haruki tena.